Kuunga direkti swichi ya stendi ya pikipiki bila kukata waya

Pikipiki inawaka vizuri ikiwa frii (haiko kwenye gia yoyote), lakini ukiingiza gia ya kwanza inazima papo hapo. Stendi umeshaikunja, klachi umeibana, mafuta yamo. Nimetoka kumsaidia rafiki mwenye tatizo hilihili, naye alikuwa ameshanunua plagi, koili na betri mpya ilhali vya zamani vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinazima injini ni swichi ndogo iliyofungwa kwenye bolti ya stendi ya pembeni.

Naandika hatua nilizompa kwa sababu maelezo mengi huanza na "kata waya mbili uziunge", na hapo ndipo watu wanapojiongezea matatizo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kuunga direkti, yaani kuiruka swichi ili pikipiki idhani stendi iko juu muda wote, ni kipimo cha kutafuta ugonjwa, na ni njia ya kufika nyumbani. Sikushauri uiache hivyo mwaka mzima. Stendi ya pembeni hukaa kushoto. Ukiondoka nayo ikiwa chini, kona ya kwanza ya kushoto pikipiki inalalia chuma hicho, tairi la nyuma linanyanyuka na unaanguka ukiwa tayari kwenye mwendo. Swichi hii iliwekwa ili hilo lisitokee.

Hatua ya 1: Jua nani anazima injini

Usiguse waya wowote kabla ya hapa. Stendi haifanyi kazi peke yake. Kuna swichi tatu zinazoshirikiana: ya stendi, ya klachi (iko chini ya mkono wa klachi) na ya frii (iko kwenye injini). Kwenye pikipiki nyingi utaratibu ni huu: injini inaruhusiwa kuendelea kuunguruma ikiwa gia iko frii au stendi iko juu. Starta inaruhusiwa kuzunguka ikiwa gia iko frii, au ikiwa klachi imebanwa na stendi iko juu. Zipo chache zinazodai klachi ibanwe hata ukiwa frii.

Ukishaelewa hivyo, pikipiki yenyewe itakwambia pa kushika:

Inawaka frii, ukiingiza gia na stendi iko juu inazima: ni swichi ya stendi au waya zake. Endelea na mwongozo huu.

Inawaka frii, ukiingiza gia inaendelea kuunguruma na inatembea vizuri, ila ukiizima ikiwa kwenye gia haikubali kuwaka tena hata ukibana klachi: stendi haina kosa. Angalia swichi ya klachi. Mara nyingi ni soketi yake imechomoka baada ya mtu kubadilisha kebo au mkono wa klachi.

Taa ya kijani ya frii haiwaki ingawa gia iko frii kweli, na ukishusha stendi injini inazima: swichi ya frii au waya wake. Kwanza hakikisha balbu ya taa hiyo haijaungua.

Taa ya frii inawaka kila unapobana klachi ukiwa kwenye gia: hapo kuna dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyokufa kwa kushoti, sasa inapitisha pande zote. Kwenye mfumo huu dayodi zinazuia umeme wa njia moja usirudi kwenye njia nyingine. Ikikatika kabisa badala ya kushoti, utakuta pikipiki iliyo frii haiwaki mpaka ubane klachi na stendi iwe juu. Kwenye pikipiki nyingi dayodi hizo ziko kwenye boksi la fyuzi au ndani ya rilei, na ni za kubadilisha tu.

Hizi dalili nne zinafanana sana machoni mwa mtu mwenye haraka. Ukiunga direkti stendi wakati mgonjwa ni klachi, utapoteza siku nzima na utabaki na pikipiki isiyowaka na isiyo na ulinzi pia.

Kama inazima kwenye mashimo tu kisha inawaka tena, angalia springi ya stendi kabla ya umeme. Springi ikilegea, au bolti ya stendi ikiwa na mchezo, stendi inadunda kwenye barabara mbovu na swichi inadhani umeishusha. Ishike stendi ikiwa juu uitikise kwa mkono. Isicheze.

Hatua ya 2: Isafishe kwanza

Swichi hii inakaa mahali pabaya kuliko swichi zote: chini, nyuma ya tairi la mbele, karibu na mnyororo. Tope na grisi ya mnyororo hujaa humo. Osha kwa maji na brashi, kausha, puliza spirei ya kusafishia viungo vya umeme, kunja na kunjua stendi mara nyingi. Kama swichi yako ni ya kidole kinachobonyezwa, hakikisha kidole kinarudi chenyewe. Nyingi zinapona hapa. Usijaze grisi ndani ya swichi, inakamata mchanga.

Hatua ya 3: Tafuta soketi

Fuata waya kutoka kwenye stendi kwenda juu. Soketi iko nyuma ya kava la sproketi, chini ya tangi au pembeni mwa betri. Ichomoe, ufunguo ukiwa umezimwa.

Hatua ya 4: Pima, usikisie

Hapa nitachukua muda, kwa sababu kosa la hatua hii linaua kontrol boksi (kompyuta ya injini).

Tumia mita ya dijitali, hata ya bei rahisi. Taa ya kupimia sitaki kuiona kwenye waya hizi: inavuta mkondo mkubwa kuliko zilivyokusudiwa kubeba. Weka mita kwenye omu au kwenye alama ya mlio, na upime upande wa soketi unaotoka kwenye swichi, siyo upande unaorudi kwenye pikipiki.

Hesabu waya.

Zikiwa mbili, gusa zote mbili huku mwenzako akipandisha na kushusha stendi. Kwenye pikipiki nyingi stendi ikiwa juu mita inalia, ikiwa chini inanyamaza. Ukigusanisha ncha za mita zenyewe utaona kama omu 0.2 hadi 0.5, na swichi nzima itasoma karibu na hapo. Ikisoma makumi au mamia ya omu, imeoza ndani, isipokuwa ni aina yenye ukinzani nitakayoitaja hapo chini. Sasa, mita ikiwa bado inalia, shika waya pale unapojikunja karibu na bolti ya stendi, uupinde taratibu huku na huku. Mlio ukikatikakatika, swichi ni nzima, shaba imekatika ndani ya mpira wake. Hapo hujafikia hata haja ya kuunga direkti: badilisha kipande hicho cha waya.

Kama mita inafanya kinyume, yaani inalia stendi ikiwa chini na kunyamaza ikiwa juu, simama. Zipo pikipiki ambazo swichi huunganisha waya wa kuzimia injini na bodi (chuma cha pikipiki, yaani hasi ya betri) pale stendi inaposhuka. Ukiziunga hizo pamoja, injini haitawaka milele. Kwa aina hiyo "direkti" ni kuacha soketi wazi na kuifunika isiguse kitu.

Kama mita hailii kabisa stendi ikiwa juu au chini, usiihukumu bado. Pikipiki nyingi za Suzuki zina dayodi ndani ya swichi, na mlio wa kawaida hauonyeshi kitu. Weka mita kwenye alama ya dayodi: stendi ikiwa juu utaona volti kama 0.4 hadi 0.6, ikiwa chini zaidi ya 1.4. Usiposoma kitu, badilisha ncha za mita upande, pima tena. Nimeona swichi nzima za aina hii zikitupwa kwa sababu tu zilipimwa kwa mlio.

Waya zikiwa tatu, kuna mawili. Baadhi ya Honda zina waya wa tatu kwa ajili ya taa ya onyo kwenye dashibodi: wa kijani ni bodi, wa kijani wenye mstari mweupe unakwenda kwenye mfumo wa kuwasha, wa njano wenye mstari mweusi ni wa taa. Hapo unaunga kijani na kijani-nyeupe tu. Lakini waya tatu zinaweza pia kumaanisha sensa ya sumaku: mmoja unaleta umeme, mmoja bodi, mmoja unapeleka taarifa kwenye kontrol boksi. Ukibahatisha ukaunga wa umeme na wa bodi, umeshoti umeme wa sensa, na mara nyingi umeme huohuo ndio unaolisha sensa nyingine za injini. Ishara ya aina hii ni kwamba swichi haina kitu kinachobonyezwa wala kuzunguka, na kwenye stendi kuna kipande cha sumaku. Sensa za aina hii usiziunge kwa waya, hata kwa jaribio. Angalia kama sumaku imedondoka au imefunikwa na vumbi la chuma. Ikiwa sensa imekufa, nunua nyingine.

Zipo pia swichi zenye ukinzani ndani yake, ambazo kontrol boksi inazitambua kwa omu. Mita ikisoma mamia au maelfu ya omu ambayo hubadilika kwa usahihi uleule kila unapokunja na kukunjua, ni hizo. Hizo ukiziunga kwa waya mtupu, taa ya onyo ya injini itawaka.

Na kwa aina zote: usipeleke volti 12 kutoka betri kwenye waya wowote wa soketi hii. Hakuna jaribio linalohitaji hivyo.

Hatua ya 5: Tengeneza kiungo kinachotoka

Kipande cha waya chenye urefu wa kidole, na vichwa viwili vidogo vya kubana vinavyoingia kwenye soketi upande wa pikipiki. Vibane kwa koleo lake. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi sikubali: joto la injini linayeyusha gundi, tepu inafunguka, na unarudi kwenye pikipiki inayozima njiani. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ingiza, funga kwa zip. Soketi ya swichi nayo ifunike isiingie maji.

Waya wa kiwandani usikatwe. Siku ya kufunga swichi mpya utachomoa na kuchomeka tu.

Hatua ya 6: Jaribu

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati au uinue tairi la nyuma, washa, bana klachi, ingiza gia. Ikiendelea kuunguruma, umepata mgonjwa.

Ikiwa bado inazima, kosa liko upande wa pikipiki. Rangi ya waya wa bodi kwenye nyingi za Honda ni kijani, Yamaha ni nyeusi, Suzuki nyeusi yenye mstari mweupe, Kawasaki nyeusi yenye mstari wa njano. Pima kutoka waya huo wa soketi hadi hasi ya betri, ufunguo ukiwa umezimwa. Ikizidi omu moja hivi, tafuta kutu pale bodi inapofungwa kwenye fremu.

Na kama kiungo chako kimeponya ilhali swichi ilipima vizuri, angalia vichwa vya soketi. Vimelegea au vina ukoga wa kijani. Safisha, vikaze kidogo kwa ncha ya sindano, rudisha swichi, jaribu tena.

Wakati kiungo kimo ndani

Springi ya stendi iwe na nguvu. Nyingi ni mbili, moja ndani ya nyingine, na moja ikikatika huwezi kuona bila kuinama. Weka kipande cha karatasi chenye maandishi STENDI kwenye dashibodi, mbele ya macho. Usimwazime mtu pikipiki katika hali hii bila kumwambia, hasa aliyezoea pikipiki kumzimikia akisahau. Kwenye ukaguzi, pikipiki iliyotoka kiwandani na swichi hii inaweza kukataliwa ikikutwa haifanyi kazi.

Swichi mpya ikifika, chomoa kiungo, ifunge ukihakikisha kipini chake kimeingia kwenye tundu la stendi kabla ya kukaza bolti, maana ukikaza kikiwa nje kinavunjika. Pitisha waya mbali na mnyororo. Kisha washa pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, ingiza gia, na ushushe stendi ya pembeni kwa mguu. Injini izime. Isipozima, bado hujamaliza.