Kupanga watoto kwa ngazi za kusoma: utaratibu wa Darasa la Tatu hadi la Tano

Darasa la Tatu lenye watoto 60 huwa na madarasa kadhaa ndani yake. Wapo wanaosoma hadithi, wapo wanaokatakata kila neno silabi kwa silabi, na wapo wanaochanganya b na d. Ukiwapa wote ukurasa mmoja, umefundisha wa katikati tu. Utaratibu ufuatao, uliokuzwa na shirika la Pratham la India, hupanga watoto kwa kile wanachoweza leo.

1. Andaa kipimo. Karatasi moja inatosha: silabi 10, maneno 10 mafupi, aya ya sentensi 4, hadithi ya sentensi 8 hadi 10 yenye maswali mawili. Tunga mwenyewe. Kitabu cha kiada wamekikariri. Utamsikia mtoto akisoma vizuri huku macho yake yakiwa dirishani.

2. Pima mmoja mmoja, pembeni, wenzake wasisikie. Anza na aya. Akisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi. Akikwama, mshushe kwenye maneno: achague matano, apate manne. Hapo napo akishindwa, silabi, kwa kanuni ileile. Ngazi yake ni ile ya juu aliyoimudu. Kila mtoto huchukua kama dakika 5, kwa hiyo ukipima 10 kwa siku, darasa la 60 litakuchukua siku 6.

Lafudhi usiihesabu. Anayesema “karamu” kwa kalamu kwa sababu ndivyo wanavyotamka kwao, amesoma. Anayeona “bata” akasema “baba” anabahatisha kwa silabi ya kwanza, na hilo ndilo kosa la kusoma.

3. Panga makundi kwa ngazi, si kwa wastani wa mtihani. Walimu watatu wakikubaliana kipindi kimoja, watoto wa la Tatu, la Nne na la Tano huchanganywa na kila mwalimu huchukua ngazi yake. Mwalimu wa taaluma aingize hilo kwenye ratiba, la sivyo litakufa wiki ya pili. Ukiwa peke yako, keti na kundi la silabi, wengine wape kazi ya kujifanyia. Wengi hufanya kinyume, maana wanaosoma vizuri ni raha kuwafundisha.

4. Kazi za makundi. Kundi la silabi ndilo lenye kazi nyingi. Konsonanti 18 za herufi moja mara irabu 5 ni kadi 90. Kata maboksi, andika kwa kalamu ya wino mzito. Anza na m, k, t, l, kwa sababu mara moja zinazaa maneno: lala, kuku, kamata, kalamu. Kila siku ongeza safu moja, kisha waunde maneno sakafuni. Usiishie kuimba “ma me mi mo mu”: wimbo huo hata asiyejua herufi anauweza. Changanya kadi, chomoa yoyote. Silabi mwambatano, zile zenye konsonanti zaidi ya moja kama mba na kwa, zije mwisho, na ng' ya ng'ombe itenge na ng ya ngoma kwa siku kadhaa.

Kundi la maneno lisome sentensi fupi. La aya lisome, lijibu maswali, liandike sentensi zake. La hadithi lisome kimya, lisimulie, libuni mwisho mwingine.

5. Weka kumbukumbu na uwahamishe. Daftari liwe na jina, ngazi, tarehe na kikwazo. Andika “anaruka silabi ya mwisho”; neno “dhaifu” halikuambii ufundishe nini kesho. Pima tena kila baada ya wiki mbili kwa matini mpya, na aliyevuka ahame siku hiyohiyo. Makundi yakiganda, hata ukiyaita Twiga na Simba, watoto wanajua lipi ni la “wasiojua”.

Asiyesogea kwa wiki nne mfululizo, kabla hujaongeza mazoezi, mwite jina kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, kisha asome ubao akiwa kiti cha mwisho na tena akiwa cha mbele. Asiposikia, au ukiona tofauti kati ya viti hivyo, mhamishie mbele na umwite mzazi ampeleke kupimwa macho au masikio.