Kufanya Kazi na Farasi kwa Usalama: Mwongozo kwa Saisi na Msimamizi wa Banda

Watu wengi wakisikia hatari ya farasi hufikiria mpanda farasi aliyeangushwa. Saisi, yaani mtunza farasi, hata hivyo hutumia sehemu kubwa ya siku yake akiwa chini: analisha, anapiga brashi, anasafisha kwato na kuzoa samadi, akiwa peke yake na mnyama wa kilo 450 hadi 550 katika chumba chenye upana wa mita tatu au nne. Hali ndiyo hiyo katika mabanda ya farasi wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, katika vilabu vya polo na katika shule za kupanda farasi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia bandani.

Macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, kwa hiyo huona karibu kila upande isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na mbele kabisa chini ya pua. Ni mnyama ambaye akishtuka hukimbia, na akikosa njia ya kukimbia hupiga teke. Mtu anayemjia kimya kimya kutoka nyuma, hata kama amemlisha kwa miaka mingi, kwake wakati huo hana tofauti na chui. Mwite kabla ya kufungua mlango, subiri akuelekezee kichwa au sikio, kisha mkaribie kwa mshazari kuelekea bega la kushoto na usimame kando ya bega hilo, wala si mbele yake. Ukilazimika kupita nyuma, kuna namna mbili tu zinazofaa. Ama ukae karibu naye kabisa, mkono ukiwa juu ya matako yake huku ukizungumza, kwa sababu teke lisilopata nafasi ya kunyooka huwa na nguvu ndogo. Ama upite mbali, mita tatu au zaidi. Umbali wa kati ndio mbaya kuliko yote, kwani hapo teke hukufikia likiwa na nguvu zake zote.

Kila uingiapo bandani, hakikisha kwamba farasi hasimami kati yako na mlango. Masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaochapwachapwa na mguu wa nyuma unaoinuliwa kwa ghafla ni onyo. Ukiyaona hayo, toka kwanza, kisha utafute sababu.

Jambo ambalo ningelisisitiza kuliko mengine yote ni kamba ya kuongozea. Kamwe usiizungushe mkononi, kiunoni wala kwenye kidole, hata kwa hatua chache. Farasi akishtuka, kitanzi hukaza kabla hujapata nafasi ya kufungua ngumi, na vidole hukatika au mtu huburutwa. Ikunje kamba iliyobaki mikunjo mikunjo, kisha uishike mikunjo hiyo katikati, ili ikivutwa iteleze na kutoka. Unapomfunga, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, lifungwe kwenye uzi dhaifu uliotiwa katika pete ya ukutani, kwa kimo cha bega la farasi au juu zaidi. Akirudi nyuma kwa hofu, uzi ndio ukatike, wala si shingo yake. Usimfunge kwa lijamu, yaani chuma kinachotiwa mdomoni mwake, na usipitishe vidole ndani ya pete.

Wakati wa kusafisha kwato, inama au uchutame, lakini usipige magoti wala kuketi, maana hutaweza kuruka kando kwa haraka. Unapomwachia malishoni, mgeuze aelekee lango, rudi nyuma hatua moja, ndipo umfungue, kwa kuwa farasi wengi hurusha miguu ya nyuma wanapogeuka kukimbia kwa furaha. Usiingie na ndoo ya chakula katikati ya farasi kadhaa walio huru.

Viatu viwe buti ngumu zenye chuma kwenye vidole. Ndara, akala na buti za kawaida za mpira hazizuii ukwato. Helmeti ivaliwe na mkanda wake ufungwe, si wakati wa kupanda tu bali pia wakati wa kushughulikia farasi wachanga, na ikishapata pigo kubwa ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Vumbi la nyasi kavu huumiza mapafu polepole, kwa hiyo nyunyizia maji kabla ya kufagia na uvae barakoa unapofungua marobota. Sigara isikaribie ghala. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na samadi ya farasi, hivyo kila mfanyakazi awe na chanjo ambayo muda wake wa kinga haujaisha. Farasi aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma bila sababu au kushindwa kumeza, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa: mtenge na umwite daktari wa mifugo, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ajali ikitokea, mwondoe farasi kwanza, halafu umhudumie aliyeumia. Anayelalamika maumivu ya shingo asisogezwe wala kuvuliwa helmeti ikiwa anapumua vizuri. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake kuhusu hali ya hatari, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri kuwa na bima na kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 kama kuna kifo. Saisi wa kibarua naye aandikwe katika daftari la ajali, kwa jina, saa na maelezo ya jinsi alivyoumia, kabla ya kuondoka siku hiyo.