Filamu ya mapenzi bila neno "nakupenda": nilivyopiga ya afande na Somoe hapa Mtwara

Kazi inayonilisha ni kupiga video za harusi hapa Mtwara mjini. Harusini kila mtu anatangaza mapenzi kwa kipaza sauti, na nadhani ndiyo maana kwa muda mrefu nilitamani kutengeneza filamu ya watu wawili wasiotangaza chochote. Nimeimaliza. Ina dakika 14, waigizaji watatu na kamera moja. Naandika nilivyofanya kwa mpangilio nilioufuata, ili mwenye simu nzuri au kamera ya kuazima naye aanze.

Hatua ya 1: Wape sababu ya kukutana kila siku

Askari kijana na binti mwenye haya hawakai pamoja bure bure. Lazima kuwe na shughuli inayowakutanisha, tena shughuli ambayo hakuna mtu atakayewauliza kwa nini wapo hapo.

Mimi nilichukua msimu wa korosho wa 2018. Novemba mwaka ule Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wa JWTZ wakaja kuzisomba. Wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa, kwa sababu ya kangomba, yaani wanaonunua korosho za wakulima kwa bei ya chini kinyume cha utaratibu, kwa hiyo watu walikuwa wanakwenda na kurudi kuulizia fedha zao. Katika kwenda na kurudi huko nikamweka Somoe, binti wa miaka 23 anayefuatilia malipo ya bibi yake. Dirishani pa ghala nikamweka Lusajo, askari kutoka Rungwe, mwenye orodha. Kila siku swali ni lile lile: "Jina la bibi limetoka?"

Hapo tayari una filamu. Jina lisipotoka, Somoe anarudi kesho. Likitoka, hana tena sababu ya kuja. Mtazamaji wa kwetu anaanza kuomba bibi alipwe, na papo hapo anaomba acheleweshwe. Sikuhitaji mpinzani, ugonjwa, wala mchumba wa pili.

Ukiwa Nachingwea au Kilwa utapata shughuli yako. Chagua ile ambayo ikiisha na safari inaisha.

Hatua ya 2: Malizana na sheria mapema, hasa ya sare

Peleka mswada Bodi ya Filamu Tanzania kuomba kibali. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 inakudai hivyo hata kama filamu ni fupi. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza.

Sare ndilo jambo zito. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa wenye nazo kuzisalimisha. Usishone, usiazime, usinunue nguo za mabaka sokoni ukasema ni ya kuigizia. Kama huwezi kabisa bila sare, omba ruhusa kwa maandishi na usubiri jibu. Wala usielekeze kamera kwenye kambi.

Nilikaa wiki mbili nikidhani sheria imeniulia filamu, kisha nikajiuliza: Somoe ana haya, anapofika dirishani anatazama wapi? Hatazami uso. Anatazama meza, orodha, kalamu, na mkono wa yule anayeandika. Basi kamera nayo itazame hapo. Katika maonesho ya mwanzo ya dirishani, Lusajo ni mkono kuanzia kiwikoni kushuka chini, na sauti. Sare haionekani kwa sababu Somoe hathubutu kuinua macho. Onesho la nne linatokea jioni, Lusajo ametoka zamu, amevaa shati jeupe la kiraia, na kamera inapanda mpaka usoni kwa mara ya kwanza. Wote walioitazama wanalikumbuka onesho hilo, ingawa ndani yake hakuna kinachotokea isipokuwa binti kuinua kichwa.

Uaskari wenyewe uonyeshe kwa tabia. Mwigizaji wangu alinyoa kichwa, akachomekea shati, akajizoeza kukaa bila kuegemea kiti. Kitanda chake kimetandikwa, shuka haina hata mkunjo mmoja. Inatosha.

Hatua ya 3: Andika ngazi ya majina

Kabla ya mazungumzo, niliandika kwenye karatasi jinsi watakavyoitana kutoka mwanzo hadi mwisho. Somoe: "shikamoo afande", "afande", "kaka", kisha kimya kirefu bila kumwita chochote, kisha "Lusajo". Lusajo: "wewe dada", "dada wa bibi Zainabu", "Somoe".

Ile "shikamoo" ya kwanza ni ya woga, kwa kuwa kiumri wanakaribiana, na Lusajo anaipokea kwa shida. Siku ambayo Somoe haitoi tena, mtazamaji wa Kiswahili anajua kitu kimehama. Huhitaji kumwandikia mtu "nakupenda". Katika mswada wa kwanza nilimwekea Lusajo neno hilo chini ya mkorosho. Tulipolifanyia mazoezi, waigizaji wote wawili walitazama pembeni, na niliona wazi kwamba neno limefika kabla ya watu wenyewe. Nikalifuta, nikaweka "Somoe" badala yake, jina tupu.

Jambo moja kuhusu kanga. Utatamani maandishi ya kanga yaseme kile ambacho binti hasemi. Wengi wamefanya hivyo, na mtazamaji wa pwani huyasoma kabla kamera haijatulia. Mimi nilimfunga Somoe kanga ikiwa imekunjwa, maandishi ndani.

Hatua ya 4: Usimwambie mwigizaji "ona haya"

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Ukimwambia mwigizaji aone haya, atainamisha kichwa, atang'ata ncha ya kanga, atachora chini kwa kidole cha mguu. Haya ya namna hiyo tumeizoea kwenye filamu, si haya ya mtu.

Somoe nilimfanya mbanguaji, mtu wa kutoa korosho kwenye ganda. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanaobangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta, lakini vidole bado huwa vyeusi na kuchubuka. Basi maelekezo yangu kwa mwigizaji yalikuwa mawili tu: "Asione vidole vyako" na "Unataka kuondoka na jibu." Mambo hayo yanagombana. Ili aonyeshwe jina kwenye orodha lazima anyooshe kidole. Ili afiche vidole lazima abaki hajui. Akatumia ncha ya kanga kuonyeshea. Akatumia kiwiko. Siku moja alitumia kijiti alichookota njiani, jambo ambalo sikuliandika mimi, alilibuni mwenyewe, na lilinigusa kiasi kwamba nilisahau kusimamisha kamera.

Angalizo: msitumie ganda bichi kupaka mikono ya mwigizaji, litamuunguza. Tulichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya nazi kidogo, tukapaka kuzunguka kucha kwa mswaki. Mchanganyiko huo unatoka kwa sabuni.

Pia mwonyeshe akiwa na wenzake. Mtu mwenye haya hana haya kila mahali. Onesho la pili Somoe yuko uani na wanawake wanabangua, anacheka kwa sauti kuliko wote. Bila onesho hilo, mtazamaji angemwona mnyonge tu, na Lusajo angeonekana anamhurumia.

Hatua ya 5: Waache wakosee kutafsiri

Hili ndilo onesho ninalolipenda. Lusajo anabeba gunia la bibi hadi nyumbani. Bibi anazungumza Kimakonde, Lusajo haelewi, Somoe anakuwa mkalimani. Bibi anauliza kama huyu kijana ana mke kwao. Somoe anatafsiri: "Anasema karibu." Bibi anasema mtu mwenye mabega haya hawezi kukosa mke. Somoe: "Anasema pole na kazi." Lusajo anajibu kila mara, "Mwambie ahsante," na ahsante hiyo ikigeuzwa Kimakonde inamfurahisha bibi kupita kiasi.

Namna ya kulipiga: kamera usoni pa Somoe muda wote, bibi na Lusajo wasikike tu kutoka kando. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yawe ya maneno ya bibi peke yake. Wa Newala na Tandahimba watacheka mapema kwa kuwa wanasikia lugha yao, wengine watacheka sekunde moja baadaye, na hilo halina neno. Mazungumzo ya bibi yaandikwe na mzee anayekijua Kimakonde, si kijana wa mjini anayekumbuka nusu.

Hatua ya 6: Mwanga na kamera

Pigeni wakati wa msimu wenyewe. Sisi tulipiga mwishoni mwa Oktoba, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakiwa bado mtini. Ukipiga Machi ukasema ni msimu, mtu yeyote wa kusini atakukamata.

Lakini siku hizo jua la saa 6 mchana hapa kwetu linakaa karibu utosini kabisa, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo. Tulipiga nje saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, na saa 10:30 jioni hadi jua kuzama. Katikati tulihamia barazani Mikindani, ambako mchanga mweupe na kuta za zamani zinarudisha mwanga kwa chini, usoni. Kama huna ukuta wa namna hiyo, tandika shuka nyeupe miguuni pa mwigizaji, nje ya fremu.

Mipangilio: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hertz 50, na ukitumia fremu 30 taa za ndani zinaweza kuchezacheza kwenye picha. Funga mizani ya rangi (white balance), karibu 5600 K kwa mwanga wa jua, isijibadilishe yenyewe. Pima mwanga usoni, siyo angani; anga ikiungua kidogo iache iungue, uso wa Somoe ukiwa giza huna filamu.

Tripodi, kila onesho. Kamera ikitulia, kidole kikisogea kinaonekana.

Hatua ya 7: Sauti

Filamu ya watu wasemao kidogo inabebwa na sauti kuliko ile ya watu wasemao sana. Vaa maiki sponji na manyoya ya kuzuia upepo, maana pwani upepo haulali. Rekodi kwa 48 kHz, sauti ya juu isizidi -12 dB. Kila mahali mnapopiga, nyamazeni wote dakika nzima mrekodi pale palivyo: ghala lina mwangwi wake, ua una kuku na mchi wa jirani. Angalia saa za adhana, panga maonesho kuzizunguka, kisha rekodi adhana moja nzuri uitumie unapotaka wewe.

Nilirekodi pia kalamu ikikwaruza karatasi, karibu kabisa. Kwa Somoe hiyo ndiyo sauti ya Lusajo kabla ya kumwona.

Hatua ya 8: Uhariri

Baada ya neno la mwisho kwenye kila onesho, niliacha sekunde 3 kabla ya kukata. Mara nyingi kitu kizuri kilikuwa ndani ya sekunde hizo. Niliweka muziki, nikautoa wote.

Hatua ya 9: Waonyeshe watu, uliza swali moja

Nilitundika shuka uani Mikindani, nikawaalika majirani kama ishirini. Usiwaulize kama filamu ni nzuri. Watakusifu kwa heshima. Uliza: "Ulijua wapi kwamba wanapendana?"

Kijana mmoja alisema ni pale alipoitwa jina. Wawili wakasema ni kwa bibi. Mama mmoja aliyefanya kazi ya kubangua miaka mingi alikaa kimya mpaka wengine wakamaliza, halafu akasema: "Siku jina lilipotoka. Alinyoosha kidole."

Nilikuwa nimekata haraka pale. Usiku ule ule nilifungua tena kompyuta, nikarudisha sekunde mbili: kidole cheusi juu ya karatasi, na mkono wa Lusajo pembeni, kalamu imesimama.