Slabu ikigoma kutulia kwenye programu, itikise

Kosa hili nimelipata wiki hii kwenye modeli ya jengo la ghorofa 5 la Kariakoo, ndani ya programu ya kukokotoa uimara wa majengo. Programu ikisema slabu (sakafu ya zege) haijatulia, yaani kuna kipande kinachoweza kusogea bila kuzuiwa, usikimbilie kuongeza vizuizi kwenye nguzo. Utaficha kosa tu. Endesha uchambuzi wa mtetemo kwa uzito wa jengo lenyewe, kisha chezesha kwenye skrini umbo la kwanza, yaani mtetemo wa polepole kuliko yote. Kipande kisichoshikwa vizuri kitaruka peke yake, kwa sababu penye ukakamavu mdogo mno ndipo panapoyumba polepole kuliko kwingine kote. Angalia kipindi, yaani muda wa mtetemo mmoja: jengo kama hili hucheza karibu na nusu sekunde, ukiona sekunde 40 umempata mchawi. Kwangu ilikuwa boriti iliyochorwa milimita 3 kando ya nodi ya slabu (nukta ambapo vipande vya modeli huungana). Kwa macho zimegusana kabisa! Nikaunganisha nodi zilizo karibu, kosa likaisha.

Kipande kikiwa hakijashikwa hata kidogo, uchambuzi huu nao unaweza kugoma. Kipe springi dhaifu kwa muda, na tafadhali uitoe kabla ya kusanifu nondo. Njia hii haisaidii pia kosa linapotokea katikati ya kuongeza mzigo kwenye modeli, zege likishapasuka.