SOMO: Mwiba wa samaki umekwama kooni, ufanyeje

Wiki hii nimeulizwa hili mara nne, sasa naliandika mara moja. Mimi nauza sato soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Udaktari sina, lakini yamenikuta.

1. Acha kula na kunywa.

2. Usijitapishe.

3. USIMEZE TONGE LA UGALI. Mimi nilimeza, nikaongeza na ndizi. Maumivu yakahama kooni yakaja nyuma ya kidari, nikajua umeshuka. Siku ya tatu homa, mate hayapiti. Kumbe mwiba umelala kingamo kwenye umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ncha zote mbili zimechoma ukuta. Tonge ndilo lililouzamisha. Umio ukitoboka, mate na vijidudu huvujia kifuani na usaha hutunga kuzunguka moyo. Mwiba ukizidi kupenya unaweza kutoboa mshipa mkubwa wa damu. Wangu ulitolewa kwa endoskopi: mpira wenye kamera hupitishwa mdomoni, koleo ndogo hushika mwiba, na ncha hukingwa isichane njia ikipanda.

4. Nenda hospitali yenye endoskopi siku hiyohiyo. Mate hayamezeki? Ondoka sasa hivi.

5. Eksirei isiyoonyesha kitu isikurudishe nyumbani kama bado unachomwa. Miiba mingi ya samaki haionekani humo. CT (kipimo cha eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili vipande vipande) huionyesha vizuri zaidi.

MASWALI

– Mkuu, hata tonge dogo?
Namba 3.

– Bibi yangu katumia tonge maisha yake yote.
Miiba mingi hushuka yenyewe, tonge likasifiwa bure. Mimi naongelea ule usioshuka.

– Niko Nansio, kisiwani Ukerewe, nina mtoto wa miaka 3. Betri ya duara ya rimoti nayo je?
Dada, umefanya vizuri kuuliza mapema. Hiyo ni hatari kuliko mwiba. Ikikwama kwenye umio, umeme wake hugeuza majimaji ya pale kuwa kama magadi makali, na ndani ya saa 2 nyama inaungua. Usisubiri choo. Anzia hospitali ya hapohapo Nansio wapige eksirei na simu ya rufaa, maana safari ya kivuko hadi Mwanza peke yake itakula muda huo. Njiani mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, mwisho mara 6. Aliye chini ya mwaka 1 haruhusiwi asali.

– Tuliambiwa ni sarafu.
Waombe waangalie ukingo kwenye eksirei: betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

– Watoto tuwape samaki gani basi?
Minofu ya sangara. Miiba yake mikubwa, vidole vinaipata. Furu mchambulie mwenyewe, kwenye mwanga.