Kuomba Ruzuku ya Kurekebisha Nyumba ya Mtu Mwenye Ulemavu Nchini Uingereza

Mwongozo huu unawahusu wanaoishi England. Huko, kwa sheria ya mwaka 1996, halmashauri inawajibika kutoa ruzuku iitwayo Disabled Facilities Grant kwa mtu mwenye ulemavu ambaye nyumba yake inamzuia kuingia, kuoga, kulala au kupika, mradi atimize masharti. Kiwango cha juu ni pauni 30,000. Wales na Uskoti zina taratibu zao. Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist), yaani mtaalamu wa kuwasaidia watu wamudu shughuli zao za kila siku, na nimeona maombi ya Waswahili wenzetu yakikwama mahali palepale mara nyingi mno.

Hatua ya kwanza: msianze ujenzi. Najua ilivyo vigumu kumwona mzazi akihangaika huku binamu aliye fundi yuko tayari kuja Jumamosi, lakini kazi iliyoanza kabla ya idhini kwa kawaida hailipwi.

Hatua ya pili: iombeni halmashauri tathmini ya mahitaji kupitia idara ya huduma za jamii. Vitu vidogo kama vishikio vya ukutani, ambavyo gharama yake haizidi pauni 1,000, hutolewa bure baada ya tathmini hiyo bila kuingia kwenye ruzuku kabisa.

Hatua ya tatu ni siku ya tathmini yenyewe, na hapa naomba msomaji atulie. Mzee wetu akitembelewa na mgeni huvaa vizuri, huketi wima, na akiulizwa hali hujibu kwamba hajambo. Namkumbuka mama mmoja aliyejifunga kanga mpya na kumwambia mtathmini, "Naoga mwenyewe, mwanangu, namshukuru Mungu." Alisema kweli. Hakusema kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiogea kwenye ndoo, ameketi juu ya kigoda jikoni, kwa sababu hakuweza kuinua mguu wa kulia uvuke ukingo wa beseni la kuogea. Binti yake, aliyekuwa akitafsiri, aliona haya kumuumbua mama yake mbele ya mgeni, na ripoti ikaandikwa kwamba bafu halina tatizo. Ilibidi tuombe tathmini upya.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya ziara, andikeni kila siku kilichotokea: alishika wapi alipopanda ngazi, alianguka saa ngapi, nani alimnyanyua, mara ngapi alishindwa kufika chooni kwa wakati. Pimeni upana wa milango na wa kiti mwendo chake. Ombeni mkalimani asiye wa familia, kisha zungumzeni na mzee mapema, kwa heshima, kwamba kumweleza mtaalamu shida ya bafuni si kulalamika, bali ni kama kumweleza daktari mahali panapouma.

Hatua ya nne ni fomu na kipato. Kwa mtu mzima, halmashauri huangalia kipato na akiba ya mwenye ulemavu pamoja na mwenzi wake, na pauni 6,000 za kwanza za akiba hazihesabiwi. Mshahara wa mtoto mkubwa anayeishi na mzazi mwenye ulemavu hauingii katika hesabu hiyo, hata kama nyumba ni yake na ndiye mwombaji. Familia nyingi huacha kuomba kwa kutolijua hili. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, kipato cha wazazi hakipimwi. Wapangaji pia wanaruhusiwa kuomba, ila ridhaa ya mwenye nyumba inahitajika, na mwombaji huthibitisha kwamba mwenye ulemavu anakusudia kuishi hapo kwa miaka 5, au kwa muda ambao afya yake itaruhusu.

Ambatanisheni makadirio ya gharama, kwa kawaida ya wakandarasi wawili. Ndugu akifanya kazi hiyo, ruzuku kwa kawaida hulipia vifaa tu, si ufundi wake.

Maombi yakishakamilika, halmashauri ina miezi 6 ya kujibu kwa maandishi. Wekeni nakala na tarehe ya kila barua, kwa kuwa muda huo hauhesabiwi mpaka fomu iwe kamili. Ukipita bila jibu, lalamikeni kwanza kwa halmashauri yenyewe, kisha kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa. Mwombaji anayemiliki nyumba azingatie pia kwamba, ruzuku ikizidi pauni 5,000 naye akauza nyumba ndani ya miaka 10, halmashauri inaweza kudai irejeshewe sehemu, isiyozidi pauni 10,000.

Kabla ya kukubali kwamba kazi imekwisha, mwacheni mwenyewe aingie bafuni na kiti mwendo chake, afunge mlango, ahamie kwenye kiti cha kuogea, afikie bomba na afungue maji, ninyi mkiwa nje ya mlango mnamsikiliza. Kama kuna kitu hakifikii, mkandarasi akirekebishe kwanza, ndipo mtie saini.