Hesabu miti kabla mnunuzi hajafika: uvunaji halali wa msitu wa kijiji

Mwanza inahitaji mbao na nishati kila siku: mitumbwi, ujenzi, kuni za kubanikia samaki, mkaa wa majumbani. Msitu wa kijiji usiopimwa ndio rahisi kuibiwa, kwa sababu hakuna anayejua kilichopungua. Kuweka marufuku tu hakujatosha. Wanakijiji hulinda msitu wanaouvuna kihalali na kuona fedha yake.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Mkutano Mkuu wa Kijiji huridhia, Kamati ya Maliasili huchaguliwa, kisha huandaliwa mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Mshirikisheni afisa misitu wa wilaya tangu mwanzo, na mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na vijiji jirani. Mpaka uliochorwa ofisini huzaa ugomvi siku gogo la kwanza linapoanguka. Acheni mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa na kingo za mito bila kukata.

Kazi kubwa ni kupima. Simikeni kigingi, fungeni kamba ya mita 17.84 na kuzunguka nayo: duara hilo ni hekta 0.1, kwa hiyo idadi ya miti mliyoihesabu ndani yake ikizidishwa kwa 10 inawapa makisio ya hekta moja. Rudieni sehemu nyingi, nene na nyembamba, msichague kipande kizuri tu. Kila mti upimwe mzunguko kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Kwa mfano, kipenyo cha sentimita 45 ni mzunguko wa sentimita 141. Fungeni fundo kwenye kamba kulingana na kipimo cha chini kinachoruhusiwa kukatwa kwa kila aina, na hata asiyejua kusoma atatambua mti usioruhusiwa.

Tuseme miti 600 imefikia kipimo na kizazi kinachofuata kinahitaji miaka 30 kukomaa: mnakata 20 kwa mwaka, si zaidi, hata mnunuzi akiongeza bei. Kila hekta ibaki na miti mama michache iliyonyooka. Wapasuaji hupenda kuchukua yote iliyonyooka. Mbegu zinazobaki ni za miti iliyopinda.

Msiuze kwa "mti mmoja". Gogo la mita 3 lenye mzunguko wa mita 1.41 katikati lina karibu mita za ujazo 0.47 (mzunguko × mzunguko × urefu ÷ 12.57, yaani 1.41 × 1.41 × 3 ÷ 12.57). Bei ya mti mmoja humpa mnunuzi nafasi ya kuchagua minene yote kwa bei ya mwembamba.

Kabla ya kukata, ondoeni vichaka na mwandae njia ya kukimbilia, kwa mshazari kuelekea nyuma, mbali na upande mti utakakoangukia, si moja kwa moja nyuma ya shina. Mdomo wa mbele, yaani mkato wa pembe upande mti utakakoangukia, uingie robo hadi theluthi ya kipenyo. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya kona ya mdomo, na ubaki ukanda wa mbao kama bawaba, takriban moja ya kumi ya kipenyo. Ukanda huo ukikatwa wote, mti huzunguka popote na kuua. Chenso si msumeno mzuri wa kupasulia: mnyororo hula karibu milimita 8 hadi 10 kila mkato, na mikato mitano hupoteza kama ubao mmoja wa inchi mbili. Pasueni kwa msumeno mwembamba.

Piga nyundo ya kijiji, ile yenye alama yake, kwenye gogo na kwenye kisiki, andika namba, aina na ujazo kwenye daftari siku hiyo hiyo. Kisiki kisicho na alama ni wizi, na kinaonekana kwa doria ya kawaida. Nyundo na daftari visikae kwa mtu mmoja.

Kisiki kiwe kifupi, chenye uso ulioinama ili maji yasituame, kwa kuwa miombo mingi huchipua hapo. Matawi yasilundikwe juu yake: moto wa kiangazi ukiyakuta huua macho ya kisiki. Baada ya mwaka mmoja au miwili bakizeni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, na ng'ombe wasiingie hadi ncha zake zipite midomo yao.